Mwalimu wa Nyuzi Kwenye Matanga

Ndugu zangu, kulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, anafundisha chuo kikuu, aliyerudi nyumbani kumzika mdogo wake. Siku ya pili ya matanga, mama yake amekaa mkekani na wanawake wenzake, yeye akaletewa kiti. Mnajua tunavyowadekeza wasomi wetu! Mjomba wake akamwuliza, "Hivi huko chuoni unafundisha nini hasa?"

Akafurahi kuulizwa. "Mjomba, ukikivunjavunja kitu chochote hadi mwisho kabisa, unakuta vijiuzi vinavyotetema, kama nyuzi za gitaa. Vikitetema hivi, ni chembe ya mwanga. Vikitetema vile, chembe ya umeme. Mimi, wewe, mkeka huu, sote ni nyuzi tu."

Watu wakatikisa vichwa kwa fahari. Ndipo mama, ambaye tangu mazishi hakuwa amefungua kinywa, akauliza, "Na za mdogo wako zimenyamaza?"

Wapendwa, ninyi mngejibu nini? Yeye alijibu kama yuko darasani. "Hapana, mama. Hazinyamazi kamwe. Hata huko udongoni zinatetema."

Asubuhi mama hakuonekana. Walimkuta kaburini amelala kifudifudi, sikio limegusa udongo mbichi, kanga imelowa umande. "Nyamazeni," akasema, "nimsikie."

Mwalimu akapiga magoti. "Mama, hazisikiki. Ni ndogo mno. Hakuna mashine duniani iliyowahi kuziona. Hata sisi, hesabu ndizo zinazotufanya tudhani zipo."

Mama akainua uso, tope shavuni. "Mnadhani?"

"Tunadhani, mama."

"Sasa mbona mimi uliniambia kama mtu anayejua?"



Inaniuma kuusema mfano huu, maana sisi ndio tunaoingia msibani midomo imejaa. Tunamweleza mjane kwa nini Mungu kamchukua mumewe, kana kwamba tulikuwepo shauri lilipokatwa. Nani alituambia? Tunadhani tu, ndugu zangu! Kisha tunakula wali, tunarudi makwetu, na mfiwa anabaki na maneno yetu peke yake.

Leo tukitoka hapa tunakwenda kwa mama yetu aliyezika juzi. Tuingie, tukae naye, tulie naye. Akituuliza kwa nini, tumwambie, "Mama, hatujui." Halafu tusiondoke.