Uso Uliopewa Jina la Subilaga

"Uso wa kubuni hauoni haya, haya huona mwenye uso."

Mmenisikia asubuhi nikimwambia hivyo katibu wa ushirika wetu, alipotaka kubandika mtandaoni picha ya mashamba ambayo hatuna, na sasa mnaniuliza neno hili limetoka wapi. Wengine wanadhani limeachwa na wahenga. Si la wahenga. Tuliokuwapo siku lilipotamkwa mara ya kwanza bado tuko hai, na mimi ni mmoja wao. Nitawasimulia, ila mniwie radhi sauti ikipanda. Miaka imepita, lakini hasira yangu haijapoa, wala sijaiomba ipoe.

Hapa Ikomela palikuwa na mkunga akiitwa Bi Subilaga. Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati, nikifagia, nikichemsha vyombo na kuteka maji. Yeye alikuwa amezalisha watu wa kijiji hiki kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyonyooka, na gauni lake jeupe hakulivaa kabla ya kulipiga pasi ya mkaa, hata siku ambazo hakuna mgonjwa. Alisema mama mwenye uchungu akimwona mkunga nadhifu, nusu ya hofu humtoka.

Zahanati yetu haikuwa mbaya. Ilikuwa na bati zima na sakafu ya saruji niliyoisugua mwenyewe kwa magoti. Kilichokosekana ni maji. Bomba la zamani lilikufa baada ya chanzo chake kufunikwa na maporomoko, na tangu hapo tulishuka mtoni na ndoo, tukapanda nazo kichwani mlima mzima. Fikirini mwanamke anajifungua, nami niko mtoni.

Wakati huo Lugano alikuwa na duka la kutoa kopi pale sokoni, na alikuwa na blogu aliyoandikia habari za milima yetu. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, mwenye akili, na sitawadanganya kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuja zahanati, akakaa nasi siku nzima, akaandika habari ya maji vizuri sana. Akampiga Bi Subilaga picha akiwa mlangoni, amesimama wima katika gauni lake. Bi Subilaga aliipenda picha ile. Aliniambia, "Leo nimepigwa picha kama mtu."

Lugano aliichapisha. Baada ya wiki mbili walikuwa wameisoma watu kumi na wawili.

Hapo ndipo alipoingiwa na tamaa. Katika simu yake alikuwa na ile programu ya akili mnemba ya kutengeneza picha, ambayo unaiandikia unachokitaka nayo inakuchorea kama imepigwa kwa kamera. Akaiagiza impatie mkunga wa Kiafrika, mzee, maskini, anayelia. Ikampa bibi aliyekonda hadi mifupa ya kifua inahesabika, kanga imechanika begani, meno hayapo, machozi yanatiririka. Amepiga magoti kwenye matope ndani ya kibanda cha nyasi, mikononi ameshika kichanga kilichoviringishwa gunia. Chini yake Lugano akaandika: "Mkunga Subilaga wa Ikomela akiwa kazini." Akaibandika juu ya habari ile ile, bila kubadili hata neno moja la habari yenyewe.

Wasomaji wakaja kama siafu. Maelfu kwa siku. Watu wakaituma kwa jamaa zao, wakaweka alama za machozi, wakaandika "Mungu tusaidie." Lugano akawa anatembea sokoni kifua mbele. Sisi zahanati hatukujua lolote, kwa kuwa simu zetu zilikuwa za kupiga na kupokea tu.

Mwezi wa nane tuliona lori linapanda mlima. Lilikuwa limebeba tangi kubwa jeusi na mabomba ya kutosha kutoka chanzo kipya hadi mlangoni kwetu. Mbele yake likatangulia gari dogo, wakashuka akina mama wanne, wauguzi wastaafu kutoka mjini, na kiongozi wao akiitwa Bi Nsiande. Nilipiga vigelegele mwenyewe, kabla hata hawajasalimia.

Bi Nsiande akatutazama, akasema, "Tumekuja kumwona Mkunga Subilaga."

"Karibuni sana. Ndiye mimi," akajibu Bi Subilaga, akinyoosha mkono.

Mgeni hakuupokea. Alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akatoa simu kwenye mkoba, akatazama simu, akamtazama tena yeye. "Mama, samahani. Tunamtaka huyu."

Nilichungulia begani kwa Bi Subilaga, nikaona alichokiona. Aliipokea simu ile, akaisogeza karibu na macho. Kisha akasema polepole, "Jina ni langu. Mtu huyu simfahamu."

"Na kibanda hiki kiko wapi?"

"Hapa hakuna kibanda. Zahanati ndiyo hii."

Nikaona uso wa Bi Nsiande unakunjamana. Nikaropoka, nikawaambia maji kweli hatuna, waje waone mapipa matupu, waje mtoni. Akanijibu kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko tusi: "Dada yangu, wenzetu wametoa walichonacho kwa sababu ya mama huyu na kichanga hiki. Nikirudi niwaambie hawapo? Aliyeweza kudanganya uso, atashindwaje kupanga mapipa? Nikiacha vitu hivi hapa, nitaulizwa nami sitakuwa na jibu."

Lori likageuza. Niliyatazama mabomba yale yakishuka mlima hadi yakapotea kwenye kona.

Bi Subilaga hakulia. Aliingia ndani, akanawa uso kwa kikombe kimoja cha maji, akatoka. "Twende sokoni," akasema. Ilikuwa siku ya gulio. Nilimfuata nikikimbia, naye mzee wa miaka sitini na minne.

Alimkuta Lugano dukani, wateja wamejaa. Watu walipoona uso wa Bi Subilaga wakampisha.

"Lugano. Yule mwanamke wa kwenye matope ni nani?"

Lugano akainuka. "Shikamoo, Bibi. Ile ni kama mfano wa—"

"Sikukuuliza ni mfano wa nini. Ni nani?"

"Si mtu, Bibi. Ni picha ya kompyuta."

"Kama si mtu, kwa nini ana jina langu?"

Lugano akatazama watu waliojikusanya mlangoni. Akajitetea, na naomba muisikie hoja yake, maana ndiyo hoja ya wengi hadi leo. "Bibi, niliweka picha yako ya kweli. Walisoma watu kumi na wawili, mmoja wao mke wangu. Nilipoweka ile, wamesoma maelfu. Watu hawamhurumii mtu aliyesimama wima. Nilitaka wakuone."

"Wamemwona nani?"

Lugano akashika karatasi za kopi, akaanza kuzipanga.

"Nimekuuliza, Lugano. Hao maelfu, wamemwona nani?" Sasa sauti yake ilifika hadi kwa wauza ndizi. "Leo wamekuja watu na maji. Na maji, Lugano! Wamenitazama mimi, wakasema mimi si mimi, wakaondoka nayo. Wewe nilikupokea kwa mikono hii. Ulitanguliza miguu, mama yako akakata tamaa, mimi sikukata. Ulizaliwa kwenye kitanda, juu ya shuka safi, katika nyumba yenye sakafu. Nani alikutuma uiambie dunia kwamba tunazaana kwenye matope kama nguruwe?"

"Nisamehe, Bibi. Nitaifuta sasa hivi."

"Futa. Yule mwanamke wako haimhusu. Mvue nguo mbele ya watu, hatajifunika. Mng'oe meno, hataumia. Mpake matope, hataomba maji ya kuoga. Uso wa kubuni hauoni haya, Lugano. Haya huona mwenye uso, na mwenye uso ni mimi!"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja muuza ndizi akalirudia neno lile chinichini, kama anayejifunza sala. Kufikia Jumapili lilikuwa limevuka mto.

Lugano aliifuta picha mbele yetu, na ninaamini alifuta kwa moyo. Lakini mnaojua mambo ya mtandao mnajua. Blogu nyingine zilikwishaichukua. Moja iliiweka kwenye habari ya wazazi wanaotelekezwa, na jina la Bi Subilaga likiwa pale pale chini. Mwanawe wa kwanza, Ipyana, fundi wa magari huko Dodoma, akaanza kuulizwa kazini iweje mama yake anatambaa kwenye matope. Alipanda basi akaja kumwangalia. Mama alipomwona mwanawe anafika kuhakikisha kama yeye ni mzima, ndipo kwa mara ya kwanza alilia.

Mwezi uliofuata alikuja binti mmoja kujifungua, nami nilikuwa mtoni. Nilipofika juu na ndoo, Bi Subilaga alikuwa ameshamaliza maji ya mwisho pipani. Yule binti tulimpeleka hospitali akiwa na homa, akapona. Mtoto hakudumu. Siwezi kuapa kwamba tangi lingemwokoa. Siwezi. Lakini kila nikikumbuka lori lile likigeuza, nauma meno.

Lugano alikwenda mjini mwenyewe kumtafuta Bi Nsiande, akakiri kosa, akampelekea picha ya kweli. Bi Nsiande alimuuliza swali moja tu: "Nitajuaje kama na hii hukuibuni?" Akarudi mikono mitupu. Alifunga blogu, akashika jembe pamoja nasi, kwa maana mwishowe mtaro wa maji tuliuchimba wenyewe, miaka mitatu, kwa zamu za kijiji. Bomba lilipotoa maji Bi Subilaga alikuwa amestaafu. Alikuja akaosha mikono, akarudi nyumbani.

Bi Subilaga alimsamehe Lugano. Mimi bado, na mkiniona simwitikii vizuri, msinikemee.

Bi Subilaga alipofariki, tovuti moja ya mbali iliandika maneno mazuri sana juu ya maisha yake. Na juu ya maneno yale wakamweka yule bibi wa matope. Wanawe walipiga simu, wakaandika barua, hawakujibiwa. Kwa hiyo huko duniani kuna watu waliomlilia mwanamke ambaye hakuzaliwa wala hakufa, wakati yule aliyezaliwa, akazalisha, akafa, hawajamwona hata leo.

Sasa mnajua kwa nini nilimpigia kelele katibu mbele ya mkutano. Nendeni mkamwambie maneno ni ya Bi Subilaga, si yangu: uso wa kubuni hauoni haya, haya huona mwenye uso.