Kichuguu cha Kamendegere

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa gani hiyo, mmelishwa uji wa jana? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa naona mpo.

Hapo kale palikuwa na Nyati, nguvu tele, tamaa tele. Tena palikuwa na Kamendegere, yule mnyama mdogo mwenye miguu mirefu ya nyuma. Kiangazi kilikuwa kikali, bwawa limebaki moja tu. Mila yao ilikuwa hii: atakayeruka korongo ndiye mwenye bwawa mpaka mvua zirudi. Na Nyati alishaapa, akishinda hakuna atakayeonja hata tone. Kamendegere aliwatazama wanawe, ndimi nje, akaingiwa na hofu.

Tangu masika alikuwa akijizoeza kwenye kichuguu. Anashuka, anagusa, anaruka. Ti! Anashuka, anagusa, anaruka. Ti! Mashindano yalipokaribia, akarukia makusudi mbele ya macho ya Nyati.

"We kidudu, unafanya nini?"

"Natafuta nguvu za miguu, mjomba. Ukitua tu, ruka. Ardhi ione kama kikaango cha moto."

"Kumbe! Hebu toka. Kichuguu changu hiki."

"Na mimi je, mjomba?"

"Kalale!"

"Haya, mjomba. Mwenye nguvu mpishe."

Akaenda zake shimoni, akalala.

Nyati akashuka, akagusa, akaruka. Puu! Asubuhi puu! Mchana puu! Jioni puu! "Bado," anasema, "niongeze."

"Baba, Nyati anaruka!" watoto wakalia.

"Mwacheni aruke," akajibu Kamendegere, akageukia upande wa pili.

Siku ikafika. Nyati akaja anachechemea, mapaja yanamtetemeka. Akakimbia, akafika ukingoni, miguu ikagoma. Puuu! Mpaka chini ya korongo.

Kamendegere akapanda jiwe. Akashuka, akagusa, akaruka. Ti! Huyo, ng'ambo!

"Mwizi wewe!" Nyati akapiga kelele kule chini. "Mazoezi yote nimefanya mimi!"

"Yote, mjomba. Mimi uliniachia usingizi tu, nikautumia."

Watoto wakanywa, wanyama wote wakanywa. Hata Nyati, alipovutwa juu, alipewa maji.

Ngano yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu tumekula wote, ikiwa chungu mpishi ni mimi. Na funzo lake, wajukuu zangu: ajizi ni nyumba ya njaa. Usingizi haujampa mtu kitu. Kazaneni kama Nyati, msipumzike kamwe.

Mbona mnanitolea macho? Kalaleni!