Jiwe Jeusi la Kisima cha Baara

Katika nchi ya Moabu, ng'ambo ya Bahari ya Chumvi, alitawala zamani sultani aliyeitwa Shalmadi, na mji wake ulikuwa Kiri, uliojengwa juu ya jabali, na utajiri wake ulikuwa kondoo, wengi hata vilima vikaonekana kwa mbali kana kwamba vinatembea. Na upande wa kaskazini, ukivuka korongo la mto Arnoni, walikaa Waisraeli. Mataifa haya mawili yalikuwa ndugu, kwa kuwa babu wa Wamoabi alikuwa Lutu, na Lutu alikuwa mtoto wa ndugu yake Ibrahimu. Lakini huo undugu waliukumbuka walipotaka malisho na kuusahau walipokwisha kuyapata.

Waisraeli walikuwa na kinyongo cha kale, kwamba wazee wao walipotoka jangwani wamechoka, Wamoabi hawakuja kuwalaki kwa mkate na maji. Wamoabi nao walikuwa na chao, kwamba kila mwaka walidaiwa wana-kondoo na sufu kama kodi ya kushindwa. Ikawa vita, na majeshi ya Israeli yakavuka Arnoni, yakakata miti mizuri na kuziba visima, kila askari akitupa jiwe lake. Kisha yakarudi kwao, na pande zote mbili zikazika waliopatikana.

Katika bonde moja la nchi hiyo aliishi mjane jina lake Baara. Mumewe, Ithma, alikufa siku ile ile kisima chao kilipozibwa, na kaburi lake lilikuwa hapo hapo bondeni, hatua thelathini kutoka kisimani. Kisima hicho alikichimba babu yake Baara, na alimrithisha pete ya shaba, na kwa pete hiyo jini aitwaye Zarkuni alifungwa kukitumikia kisima, akiyainua maji hadi ukingoni pasipo kamba wala ndoo. Tangu mawe yalipotupwa, maji hayakuonekana, na jini hakusikika.

Miaka minne ikapita, na Sultani Shalmadi akatangaza kwamba kila bonde lisilo na maji litakuwa mali ya hazina. Baara akaenda Kiri, akasujudu mbele ya kiti cha enzi, akasema, "Ewe bwana wangu sultani, Mungu akuzidishie umri. Bonde lile ni la babu yangu, na mume wangu amelala humo. Nakuomba muda."

Sultani akajibu, "Ewe mwanamke, sina chuki nawe, na mumeo alikufa akinitumikia. Lakini amri nikiilegeza kwa mjane mmoja, nchi hii ina wajane wengi. Nakupa hadi siku ya kukata manyoya ya kondoo. Maji yakitoka, bonde ni lako na la uzao wako. Yasipotoka, utahama."

"Na bonde litafanywa nini, bwana wangu?"

Waziri ndiye aliyejibu. "Uwanja wa kuzoeza farasi, bibi. Pale pametandazika vizuri."

Baara akarudi na maneno hayo, na njia nzima alikuwa akiwaona farasi juu ya kaburi la Ithma. Akaanza kuopoa mawe. Kwa siku arobaini akashuka na kupanda, na mawe yote yakatoka, isipokuwa moja jeusi, kubwa kama kondoo aliyelala. Akaleta nguzo, zikavunjika. Akaazima maksai, kamba zikakatika. Hapo akaisugua pete, akainamia kisimani.

"Zarkuni, u hai?"

Sauti ikatoka chini, kama ya mtu aliyelaliwa kifuani. "Ni hai, bibi. Ila usiniulize kama ni mzima."

"Mbona hulisukumi jiwe?"

"Mimi ni jini wa maji, si mpagazi. Tena jiwe hili liliwekwa kwa kiapo, na kiapo cha mwanadamu kinanishinda nguvu. Halitoki ila kwa mkono wa aliyeliweka, na kwa hiari yake."

"Nani aliliweka?"

"Yogli, mfinyanzi wa mji wa Ataroti, ng'ambo ya Arnoni. Vaa pete. Utakapomkaribia itapata moto."

Zilikuwa zimebaki siku sita. Baara akaoka mikate ya shayiri, akajaza kiriba kwa maji ya chemchemi ya mbali, maana alijua kile ambacho watu wa ng'ambo walikuwa wakiwalaumia Wamoabi, akavuka korongo peke yake. Langoni mwa Ataroti walikaa wazee watatu.

"Unatoka wapi?" akauliza wa kwanza.

"Moabu, baba zangu. Nimewaletea mkate na maji."

Wakatazamana. Yule wa kwanza akasema, "Umechelewa, mwanamke. Wazee wetu walikuwa na njaa miaka mia tatu iliyopita."

"Ndiyo maana sikuleta ule wa siku zile, baba. Huu nimeuoka jana."

Wa pili akauchukua mkate, akaunusa, akasema, "Tukila, watadai tumesamehe."

"Basi ninyi msamehe au msisamehe," akasema wa tatu, akiunyakua, "mimi sijala tangu asubuhi." Akala, na kwa kinywa kilichojaa akamwonyesha nyumba ya mfinyanzi.

Pete ilikuwa ikichoma alipofika. Yogli alikuwa mtu wa makamo, mikono yake udongo hadi kwenye viwiko, na alipoambiwa jambo lililomleta Baara hakuinua macho kutoka kwenye gurudumu lake.

"Nenda kwa amani, bibi. Sitakuja, na jiwe lile lisiguswe."

Baara akashikwa na hasira. "Mmeua waume zetu, mkatuzibia maji, na hata jiwe mnatunyima? Lina dhahabu ndani yake? Kwa nini uliliweka?"

Gurudumu likasimama. Yogli akafuta mikono.

"Mdogo wangu, Asrieli, alipigwa mshale akiwa ukingoni, akaanguka ndani, akafa. Sikuweza kumtoa. Wenzangu walikuwa wanatupa mawe, nami nikawahi kushuka na jiwe moja pana, nikamfunika ili mengine yasimvunje. Nikaapa: asikuguse mtu wala maji mpaka nirudi. Sikurudi. Niliogopa kuvuka. Na nikilitoa sasa, watu wenu watawatupia mbwa mifupa yake."

Baara akaketi kando ya gurudumu. Baadaye Yogli akauliza, "Mumeo alikuwa mpiga upinde?"

"Alikuwa mkata manyoya. Siku ile ndiyo walimpa upinde."

Wala hawakuulizana zaidi juu ya hilo. Kisha Baara akasema, "Ninayo nguo ya sufu niliyomfumia Ithma, akafa kabla hajaivaa. Nitamvika ndugu yako. Na mtu akimkaribia kwa ubaya, atanikuta mimi kwanza."

Yogli akaenda kunawa mikono. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vya safari.

Walifika bondeni siku ya kukata manyoya, na waziri alikuwa amekwisha kuja na farasi arobaini. "Karibu, bibi," akasema. "Umeleta mfinyanzi? Labda atatufinyangia maji."

Yogli akampita. Akashuka kisimani, akaweka viganja juu ya jiwe, akasema, "Asrieli, mdogo wangu, nimerudi." Na jiwe lile lililovunja nguzo na kukata kamba likainuka mikononi mwake jepesi kama chungu kitupu. Kutoka chini yake akapanda jini Zarkuni, wa rangi ya maji ya kina, na farasi wakarudi nyuma, na waziri akarudi nyuma zaidi yao. Juu ya viganja vyake jini alibeba mifupa ya kijana, imepangika, haina tope.

"Miaka minne nimemshika," akasema. "Ningeinua maji, ningemzamisha."

Baara akamtandikia ile nguo ya sufu, huku akilia. "Zarkuni, mbona hukuniambia?"

"Bibi, uliniuliza nani aliliweka. Hukuniuliza kwa nini."

Jini akashuka, na maji yakapanda meupe hadi ukingoni, yakamwagika, na farasi wa waziri wakawa wa kwanza kunywa. Habari zikamfikia sultani, naye akalithibitisha bonde kwa Baara na uzao wake, na baada ya miaka michache kondoo wa Baara hawakuhesabika.

Yogli akambeba ndugu yake, akamzika kwenye kaburi la baba zao. Siku ya matanga Baara alivuka tena na mkate na maji, na safari hii wazee wote watatu walikula. Mwaka uliofuata, siku ya kifo cha Ithma, Yogli naye akavuka na mkate, akakaa karibu na kaburi mpaka jua likazama. Wakafanya hivyo miaka mitatu, kisha wakaoana. Mzee wa pili alipinga, akasema sheria inamkataa Mmoabi hata kizazi cha kumi, na yule wa tatu akamwambia, "Basi waache waanze, vizazi vipate kuhesabika."

Na jiwe jeusi waliliweka ukingoni pa kisima, watu wakalikalia wakisubiri zamu ya kuteka. Mwenye kuona jiwe la jirani yake limeziba njia, na aulize kwanza limemfunika nani. Maana Mwenyezi Mungu peke yake ndiye awajuaye wote waliolala chini ya mawe, wetu na wao, naye hamwachi hata mmoja.