Bwawa Halihukumiwi Kiangazi

"Bwawa halihukumiwi kiangazi." Methali hiyo mmeisikia leo sokoni, wajukuu zangu, nanyi mnataka kujua ilikotoka. Ilianza hivi.

Kule Rufiji, kando ya bwawa la Lihundu, aliishi Siwatu, binti hodari wa kuvua kwa mgono, ule mtego wa kusukwa. Mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kikali hasa, wakwe walikuja kumposa. Siwatu akawavulia perege, na Bi Mgeni, mama wa mchumba, akajitolea kusaidia kuparua. Alipofunua mashavu ya samaki wa kwanza, akaona minyoo ya manjano imejikunja. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu ndiyo usiseme.

Bi Mgeni akatupa kisu. "Jamani, tuondoke! Bwawa hili limelaaniwa. Mwanangu haoi kwenye maji ya namna hii."

Wazee wa Lihundu wakainamisha vichwa. Binti anayeposwa hasemi mbele ya wakwe, lakini Siwatu aliona akinyamaza, posa imekwenda na jina la kijiji limekwenda. Akapiga goti.

"Samahani, mama. Ukilaza watu ishirini chumba kimoja, chawa atamkosa nani?"

"Hatamkosa mtu."

"Ndivyo walivyo samaki wetu sasa. Maji yamepungua, wamebanana. Mto ukifurika watatawanyika. Rudi masika yakiisha, uwapasue mwenyewe."

Bi Mgeni alimkodolea macho, kisha kicheko kikamponyoka. "Haya. Lakini nakuja na kisu changu!"

Mvua zikanyesha, mto ukajaa hadi bwawani. Kijiji kizima kilifurahi isipokuwa Siwatu. Samaki wa masika alikuwa amewaona safi miaka mingi, lakini je, mwaka huu wakikataa kumsitiri?

Bi Mgeni akarudi, kisu kiunoni. Perege wa kwanza, safi. Wa tano, safi, mnono. Wa tisa akakutwa na mnyoo mmoja.

Bi Mgeni akaukwangua, akawatupia kuku. "Huu umechelewa kuhama! Washeni moto, mwanangu apate mke."

Alikula perege watatu na wali, akalamba vidole. Shoga yake aliyefuatana naye akamnong'oneza, "Si wewe uliyesema pamelaaniwa?"

"Nilisema, na nilikosea," akajibu kwa sauti, wote wasikie. "Bwawa halihukumiwi kiangazi."