Chui Aliyemfundisha Mwanawe kwa Wivu

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa tena, maana wa nyuma mmeitikia kivivu!
— Pakawa!

Haya, kaeni. Shebe, mjukuu wangu, toa kidole puani. Na wewe Mashavu, mtoto wa jirani, kaa, ingawa najua mama yako anakufundisha Kilatini na Kigiriki hapo uani huku anachambua mchele. Mtaa mzima tunasikia. Tunasikia sana. Hatusemi kitu.

Hapo kale palikuwa na Bi Pimbi. Mdogo, hana mkia, hana pembe, anakaa na wanawe kwenye ufa wa jabali. Zamani aliwahi kuishi darini kwa mapadri, na huko akadokoa mizizi ya maneno ya Kigiriki na Kilatini, ile ambayo wasomi wameundia maneno yao makubwa. Anayeijua hiyo hatishwi na neno geni. Analipasua kama karanga, anaona kilichomo.

Sasa, jua likiwa jekundu ndiyo saa ya pimbi kushuka kula majani. Na ndiyo saa ya Chui kushuka kula pimbi. Kwa hiyo saa hiyo Bi Pimbi aliwazuia wanawe ndani, na ili wasahau njaa, akawafundisha.

"Bio?"
"Uhai!"
"Hidro?"
"Maji!"
"Karni?"
"Nyama!"
"Vora?"
"Mlaji!"

Siku moja wanyama walikuwa kisimani, Punda Milia akaja na neno alilolisikia kwa watalii. "Wananiita herbivora. Ni tusi?" Wanyama wakakodoa macho. Kitoto kimoja cha pimbi kikasema, "Herbi ni majani, vora ni mlaji. Mla majani. Si tusi, mjomba, ni wewe."

Lo! Vigelegele! "Hongera, Bi Pimbi! Umezaa!"

Chui naye alikuwepo, na mwanawe Madoa. Madoa alikuwa anafukuza mkia wake mwenyewe. Chui akakitazama kile kitoto, akamtazama Madoa, akakitazama tena kile kitoto. Wivu ukampanda kutoka mkiani mpaka kwenye masharubu. Maji yakamshinda kunywa.

Asubuhi yake, kwaru, kwaru, kwaru! Kucha juu ya jabali.

"Nani?"
"Mimi Chui. Toa watoto."
"Wa nini, bwana mkubwa?"
"Niwale wote. Elimu yao ihamie tumboni kwangu, nikampe mwanangu."

Bi Pimbi akatoa ncha ya pua tu ufani. Ulimi haukutetemeka.

"Ukiwala utapata nyama tu, tena haba. Elimu haimo kwenye nyama, imo kwenye kukaa kitako. Nitakupa mizizi, umfundishe mwenyewe."
"Nipe yote."
"Nakupa yote."
"Hata uliyowaficha wanao."
"Hata hiyo."
"Nizidishie!"
"Nakuzidishia. Ila ina masharti. Anayefundisha ni baba mwenyewe. Anafundisha jua likiwa jekundu. Anauliza kwa sauti kubwa. Na haondoki mlangoni mpaka mtoto ajibu yote."

Chui akaenda zake mbio, amebeba mizizi mara mbili ya ile ya jirani, anacheka peke yake.

Jioni ikafika. "BIO?" akanguruma. Madoa akasema, "Sijui, baba." "HIDRO?" "Sijui, baba." Na huku jabalini Bi Pimbi akisikia ngurumo inatoka kule mbali, akawaambia wanawe, "Shukeni mkale." Wakashuka, wakala, tafu tafu tafu. Kila ngurumo ilipokatika, Chui akitaka kuinuka akawinde, Bi Pimbi juu ya jabali akapiga kelele, "Uhai! Maji! Nyama!"

"Wake wamejibu," Chui akasema, roho inamuuma. "Wangu bado!" Akaketi tena, puu.

Ikawa hivyo jioni hadi jioni. Pimbi wakanenepa. Chui akakonda, mbavu nje. Lakini hakuinuka.

Hata jioni moja, "BIO?" "Uhai, baba." "HIDRO?" "Maji, baba." Madoa akajibu yote bila kumeza mate. "Na karnivora?" "Mla nyama. Ni nani huyo, baba?" "Ni sisi!" Madoa akazitazama mbavu za babake. "Basi mbona kila saa ya nyama tumekaa hapa?"

Chui naye akazitazama mbavu zake. Kisha akaruka, akatimka kuelekea jabalini.

Bi Pimbi alikuwa ameyasikia majibu yale yote. Akawageukia wanawe. "Hidro?" Wakamtazama, wanatafuna. "Bio?" Wanatafuna. Hawana habari! Moyo wake ukawaka kwa wivu, nusura asahau kupiga mbinja. Fyuuu! Pimbi wakakimbilia ufani, wa mwisho akiponea chupuchupu. Chui akaruka, njaa ikamwangusha, puu, mlangoni.

"Tokeni niwale!"
"Ngoja kwanza," akasema Bi Pimbi kutoka ndani. "Yule mwanao umemfundishaje?"

Msidhani alikuwa anamhadaa. Alitaka kujua kweli, na sauti yake ilikuwa na uchungu. Chui akausikia ule uchungu, ukawa mtamu kwake kuliko nyama. Akakaa kitako. Akaeleza alivyoanza, alivyorudia, Madoa alivyoshika. Akaeleza mpaka giza likaingia, kisha akaenda zake na njaa yake, ameshiba.

Na tangu hapo pimbi wakarudi kufundishwa ndani, na njaa yao.

Funzo lake, wajukuu: wivu ni mbaya. Usimwonee wivu jirani mwenye mtoto anayejua. Tulia nyumbani, mfundishe wako, mpaka mfe njaa wote.

Hadithi nimeifikisha kizingitini, anayeitaka aibebe. Haya, kalaleni. Shebe, toa kidole puani.

Mashavu, wewe subiri kidogo. Eti, mama yako huanza na neno gani?