Ndiyo ya Tatu ya Kiboko

Haya jamani, nitupe?
— Tupa!
Mkiidaka?
— Yetu!
Ikidondoka?
— Yako mwenyewe!

Basi alikuwepo Nguchiro. Kadogo, kembamba, mbio mbio kama kamemeza pilipili! Akatengeneza programu ya simu. Unabonyeza, ti! Inakuonyesha kisima gani kina maji na kipi kimekauka. Na kilikuwa kiangazi, jamani, kiangazi kweli! Juzi tu Mama Swala alitembea kutwa na kichanga chake, kufika kisimani, vumbi tupu. Mtoto hata kulia alishindwa.

Programu yenyewe ni ya wazi: yeyote anaisoma, anaichukua, anairekebisha, bure. Lakini pale porini kuna utaratibu. Programu changa inapewa walezi watatu wa kujitolea. Haitoki mpaka wote watatu waseme ndiyo mbele ya baraza, na kila mmoja ataje alichokagua. Muda siku tatu. Zikipita, unaanza upya.

Siku ya kwanza, Bibi Kakakuona akafungua faili, akasoma. Kru, kru, kru. Akafika mahali akacheka, kwi kwi kwi!
"Nimesoma yote, nimeiwasha, imewaka. Ndiyo!"

Siku ya pili, Korongo akafungua, akasoma. Dona, dona, dona. Akafika palepale, akacheka, kwa kwa kwa!
"Nimeijaribu kwenye simu yangu mbovu, imekubali. Ndiyo!"

Siku ya tatu, Nguchiro huyo kwa Kiboko, mbio! Kiboko kajilaza kwenye dimbwi la maji ya tope yasiyonyweka, tumbo juu.
"Mzee, shikamoo!"
"Marahaba. Jina langu limo?"
"Mzee, umesoma lakini?"
"Nimekuuliza jina langu limo? Mimi ndiye mlezi mkubwa! Nataka ukurasa mzima, jina langu peke yangu. La sivyo, HAPANA!"
Pwaaa! Akapiga maji, Nguchiro akalowa chapachapa.

Nguchiro akajikung'uta, akasema taratibu, "Mzee wangu, mbona limo tangu mwanzo? Ukurasa mzima, wewe peke yako. Hata langu halipo pale."
"Peke yangu?"
"Hakuna hata wa kukusogelea. Fungua uone."
"Nifungue nini, dogo? Nina shughuli!"

Akainuka, huyoo! Gudu, gudu, gudu, mpaka barazani. Wanyama wamejaa, Mama Swala yuko mbele na mtoto wake. Kiboko akaachama.
"NDIYO! Nimesoma mstari kwa mstari! Hasa ukurasa wenye jina langu! Huo ndio umenikosha!"

Baraza lote likapiga makofi. Korongo akasema, "Basi mzee tusomee huo uliokukosha."
"Soma wewe, mimi nimechoka kusoma."

Korongo akakohoa, akasoma: "Matatizo ya programu hii. Liko moja tu. Mlezi Kiboko. Tangu masika hajafungua hata faili moja. Dawa yake bado inatafutwa."

Weee! Kicheko! Nyani akadondoka mtini, puu!

"Nafuta kura!" Kiboko akanguruma.
"Ruksa, mzee," akasema Bibi Kakakuona. "Sema tu: sikusoma."
"Nilisoma!"
"Ulisoma, ukaona, ukasema ndiyo?"
"Ni... nilisoma!"
"Basi ndiyo yako iko palepale."

Kiboko mdomo wazi. Inzi akaingia, viii, akatoka, viii. Akisema alisoma, kura inasimama. Akisema hakusoma, baraza zima limesikia alivyojisifu. Akafunga mdomo, kap!

"Ndiyo tatu!" akapiga kelele Bibi. "Itoke!"
Ti! Ti! Ti! Simu pori zima! Mama Swala akachungulia ya kwake, akaruka juu. "Nyuma ya kilima! Maji yapo nyuma ya kilima!" Akatimka, mtoto ubavuni, na wote wakamfuata, vumbi hilooo! Mtoto akafika, akainamisha kichwa. Glu, glu, glu.

Sasa funzo, sikilizeni vizuri. Ukipewa ulezi, usisome kitu! Kiboko angesoma, angesema hapana, na yule mtoto leo asingekuwepo. Uvivu wa wakubwa ni baraka, uheshimuni.

Imegotea hapo. Iliyokolea bebeni, iliyopwaya niachieni mimi.