Bibi Asiyejulikana

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na huyo anayechungulia simu chini ya benchi aizime, maana habari yenyewe inahusu simu.

Palikuwa na mwanamke mmoja msomi, msomi kwelikweli, si hawa wetu wa kujipachika vyeo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi ubongo unavyotambua sura za watu. Aliwaketisha wazee wenye ugonjwa wa kusahau mbele ya kompyuta, akawavika kofia yenye nyaya, akawaonyesha picha. Huyu ni mkeo? Huyu ni mwanao? Huyu je, umewahi kumwona? Watu walimheshimu kwa kazi hiyo, na alistahili.

Sasa mama yake mzazi, huko kijijini, naye akaupata ugonjwa huohuo. Aliyekuwa akimtunza ni shangazi wa huyu msomi, mjane, na mama alikuwa wifi yake. Siku moja shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, njoo umwone mama yako. Amebadilika mno. Amekonda, meno yamemtoka, na nywele tumemnyoa kwa sababu alikuwa anazing'oa."

"Shangazi, ugonjwa huu ndio kazi yangu, naujua. Hata nikija hatanitambua. Atanitazama kama mgeni, na mimi hilo sitaliweza. Acha niwatumie matumizi."

"Haya, yeye hatakujua. Kwani na wewe humjui yeye?"

Msomi akacheka kidogo, akasema atakuja Krismasi. Krismasi ikapita, na ya pili yake ikapita. Mnacheka? Ni wangapi humu ndani tumeahidi Krismasi?

Asubuhi moja mama akatoka nyumbani, akapotea. Shangazi akaogopa kumwambia mtoto. Akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, akitumaini atampata kabla habari haijafika mjini. Kumbe mama alishapakiwa kwenye lori la ndizi na dereva aliyemhurumia, akashushwa soko la mbali, akaanguka hapo, akapelekwa hospitali. Jina lake hakuweza kulitaja. Muuguzi akampiga picha, akaituma kwenye makundi ya simu: "Bibi huyu ameokotwa sokoni. Hajui kwao. Anayemfahamu afike hospitali. Tafadhali sambaza."

Picha ikatembea, mnajua zinavyotembea. Ikamfikia yule msomi akiwa anakula chakula cha mchana. Akaitazama. Bibi kipara, mashavu yamebonyea, mdomo umeingia ndani. Akamwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Akaisambaza kwenye makundi yake yote, na chini yake akaandika: "Jamani, huyu bibi hana watoto?"

Kisha akaendelea kula.

Kesho yake shangazi akashindwa kuficha, akapiga simu analia. Msomi akaitafuta ile picha, akaikuza kwa vidole, akaona kovu dogo juu ya nyusi, lile alilokuwa akiligusagusa utotoni akiwa amepakatwa. Akaondoka saa ileile. Alipofika hospitali, mama alikuwa ameshafariki.

Muuguzi akamwambia, "Pole sana, dada. Siku ile nampiga picha, alijifuta uso kwa shuka. Akaniambia, 'Nipige vizuri. Mwanangu akiniona tu, atanijua.'"

Wakati wa mazishi ikatafutwa picha ya kuweka juu ya jeneza. Za ujana zilikuwepo. Ya karibuni ilikuwa moja tu, ileile.

Ndugu zangu, inaniuma kusema, lakini nitasema. Sisi tuna kisingizio kizuri sana: "Hata nikienda, hanijui." Nani alikuambia unakwenda ili ujulikane? Siku uliyozaliwa hukumjua yeye, wala jina lake, wala ubini wake. Mbona alikupokea? Mungu alimpa mama macho ya kutuona tulipokuwa hatujui lolote. Ametupa na sisi macho. Tunayatumia kutazama nini?

Hebu fumbeni macho, wote. Uone uso wa mama yako, au wa baba yako kama ndiye aliyebaki. Si ule wa picha ya harusi iliyoko sebuleni. Wa sasa. Jino gani limetoka? Jicho lipi limeanza ukungu?

Naona wengine mmefumbua upesi.

Msiba ukitokea sisi ni hodari. Tunakodi basi, tunashona sare, na basi la msiba halijawahi kukosa abiria. Basi wiki hii tupande magari ya kawaida. Na ukifika, usimsimamie mzee ukimuuliza, "Mama, mimi ni nani?" Hilo swali acha. Vuta kigoda, kaa mbele yake, mtazame usoni mpaka wewe umjue.